Ndege anayepiga makofi angani, njia ya Kipushi: ni nani huyu?

#1 Mwana_Kafubu (Lubumbashi)
Jambo bote. Niko na swali, na naomba musinicheke.

Kila asubuhi napitaka na kinga (baiskeli) njia ya Kipushi, mbele kidogo ya pale bachoma makala (mukaa wa miti) banapangaka mifuko. Tangu mvua ya kwanza ianguke, kuna kitu kinalia juu ya kichwa yangu: prrt, prrt, prrrrrrt. Kinanyamaza. Nikihesabu mpaka kumi hivi, kinaanza tena. Nasimama, naangalia juu, hakuna kitu. Mbingu tupu. Sauti yenyewe iko kama mtu anachanganya karata karibu na sikio, ao kitambaa kimepasuka na upepo unakipiga.

Miti mikubwa pale ilikwisha zamani. Kumebaki visiki, vichaka vya kufika kiuno, majani na vichuguu. Bibi yangu (muke wangu) nyumbani anasema ni masikio yangu. Nani anajua?

#2 Fundi_Katuba
Waya za umeme. Unyevu ukikaa kwenye vikombe vya waya asubuhi, vinalia hivyo hivyo. Nimepanda nguzo miaka mingi. Funga uzi.

#3 Mwana_Kafubu
Yaya Fundi, aksanti, lakini waya inahamaka? Hiki kinaanzia upande wa Kipushi, kinanipita juu, kinaishia nyuma yangu.

#4 Fundi_Katuba
Basi ni wewe unayehama. Si uko kwenye kinga?

#5 Goma_Lava
😂😂 Hii nimeipenda. Nimevuta kiti.

#6 Mama_Inswa (Ruashi)
Ni ndege, mwanangu. Wala usimtafute mbinguni, mtafute chini.

Mwaka jana mwezi wa kumi na mbili nilikuwa natafuta uyoga wa vichuguu na dada yangu. Tunatembea polepole, macho kwenye udongo, mara kitu kikachomoka karibu na mguu wangu. Hakikuruka mara moja. Kilikimbia kwanza kati ya majani kama panya, ndipo kikapaa. Nikainama. Chini ya fungu la majani kulikuwa na kiota, kikombe cha nyasi kimezibwa nusu kama kofia, mlango uko ubavuni. Mayai mawili, meupe yenye madoa ya kahawia. Tulipokaa kimya mbali kidogo, juu yetu ikaanza hiyo prrt prrt yako. Kwa hiyo mmoja alikuwa chini na mwingine juu.

Rangi yake ni ya udongo wetu kabisa, wekundu uliochafuka. Akilala chini huwezi kumwona hata ukilipwa.

#7 Kaka_Tanga
Salaam wakuu. Mimi dereva, niko foleni Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kwa hiyo muda ninao. Mama amesema kweli tupu. Huyo kwetu tunamwita kipozamataza. Jina hilo ni la jamii nzima, wako wa aina nyingi, wote wa kuishi chini, wote rangi ya vumbi.

Halafu niwaambie jambo. Hapa nilipoegesha gari, nyuma ya maegesho kuna uwanja wa majani, na yuko mmoja anafanya kazi hiyo tangu alfajiri. Lakini wa kwangu hapigi kama ulivyoandika wewe. Wa kwangu: prrrrrt, prt-prt. Refu kwanza, mafupi nyuma.

#8 Goma_Lava
Kipozamataza! Jina refu kuliko ndege mwenyewe. Anapoza mataza ya nani?

#9 Kaka_Tanga
Ya wanaouliza maswali ya watu wa Goma.

#10 Mwalimu_wa_Bio (Lubumbashi)
Nimefurahi kuona uzi huu, maana huyu ndege ninamfundisha kila mwaka na wanafunzi huwa hawaniamini.

Kwa maelezo ya #1 na #6, ni Mirafra rufocinnamomea. Jina hilo la pili alilipata mwaka 1865 kwa Mwitaliano Salvadori, na maana yake ni rangi: wekundu na mdalasini. Vitabu vyetu vya Kifaransa vinamwita alouette bourdonnante, yule anayevuma. Ana urefu wa sentimita 13 hadi 14 na uzito wa gramu 25 hivi. Yupo kuanzia Senegal na Ethiopia mpaka Afrika Kusini, popote penye majani, vichaka na ardhi iliyo wazi. Anakula wadudu na mbegu, anatembea na kukimbia zaidi ya kuruka.

Sauti haitoki kooni. Ni mabawa. Dume anapanda juu sana, ndiyo maana Mwana_Kafubu anaona mbingu tupu, kisha anapiga mabawa kwa vishindo vifupi. Åke Norberg, mtafiti wa Uswidi, alipima na kuandika mwaka 1991: wakati wa vishindo mabawa yanafika mapigo 24 kwa sekunde, mara mbili ya mwendo wake wa kawaida wa kuruka. Simama sasa hivi ujaribu kupunga mikono mara nne tu kwa sekunde, halafu uniambie.

Fundi, samahani, waya hazimo.

#11 Fundi_Katuba
Nimejaribu. Bega linauma. Nakubali ni ndege, lakini waya nazo zinalia, hilo sifuti.

#12 Kijana_Likasi
Mwalimu umekosea ndege. Mimi nimemwona kwa macho yangu mawili huyo anayefanya prrrrr, na hakuwa angani. Alikuwa kwenye mushitu (msitu mzito), kando ya mto, amekaa kwenye tawi la chini kama mita moja na nusu. Anaruka, anazunguka kaduara kadogo, anarudi palepale kwenye tawi. Wakati wa kuzunguka ndiyo sauti inatoka, kama chura mkubwa. Ana mdomo mpana, kifua cheupe chenye michirizi.

#13 Mwalimu_wa_Bio
Kijana, hujakosea ulichokiona, ila uliyemwona ni mwingine. Huyo wa mdomo mpana ni Smithornis, anapenda kivuli na vichaka vizito. Wa njia ya Kipushi anapenda jua na uwazi. Wote wawili wanatumia mabawa badala ya koo, kwa hiyo kuchanganya si aibu.

#14 Kijana_Likasi
Sawa mwalimu, ila nina neno. Nilisoma kwamba huyo Smithornis hapigi makofi, ni manyoya fulani ya bawa yanatetema hewa inapopita kwa nguvu, kama vile ukiweka kipande cha karatasi kwenye mlango wa gari linalokimbia. Sasa tunajuaje kama huyu wa chini naye si hivyo hivyo? Nani ameona mabawa yakigusana?

#15 Fundi_Katuba
Swali zuri hilo. Umeme pia ni mtetemo 😏

#16 Papa_wa_Kambi (Kipushi)
Wanangu, habari za jioni. Mimi mzee, nimestaafu mgodini, naandikiwa na mjukuu.

Mwalimu amesema hakuna anayemwona. Mimi namwona. Siri ni moja: usiangalie sauti inakotoka, angalia mbele yake, kwa sababu sauti inachelewa. Halafu subiri mwisho. Akimaliza kupiga, anajitupa. Mabawa yamebanwa, anashuka kama jiwe, karibu na majani anafungua na kutua. Hapo ndipo utamwona, na hapo utajua ana ukubwa wa shomoro tu. Ukikimbilia pale alipotua hutamkuta, amekwisha kutembea.

Jambo la pili. Watu wengi huku wanamchanganya na ndege wawili wengine wa vichuguu. Mmoja ni mweusi mzima, anasimama wima juu ya kichuguu, na kiota anaweka ndani ya shimo. Huyo siye. Wa pili anafanana sana na wenu lakini ni mnene kidogo, ana kishungi na wekundu nyuma ya shingo, na anaimba kwa mdomo. Anakaa juu ya kichuguu ao nguzo ya uzio, anapiga mluzi uleule, uleule, asubuhi nzima, mpaka unataka kumlipa anyamaze. Wa kwenu hahitaji kichuguu. Jukwaa lake ni hewa.

Jambo la tatu ndilo kubwa. Nilipokuwa kijana, ule upande anaopita Mwana_Kafubu ulikuwa msitu wa miombo. Huyu ndege hakuwepo. Amekuja na makala. Mti ukianguka, yeye anaingia. Nikimsikia sifurahi sana.

#17 Mama_Inswa
Papa, mmenigusa hapo. Hata uyoga mwingine umekwenda na hiyo miti.

#18 Mwalimu_wa_Bio
Papa, shikamoo, na ninaheshimu macho yenu kuliko vitabu vyangu. Kuhusu yule wa mluzi nilikuwa nataka kuandika hivyo hivyo, mmenitangulia.

Ila kwamba amekuja na makala, naomba nipinge kidogo. Katanga haikuwa msitu mtupu. Kuna dembo, yale mabonde ya majani ambayo maji yanasimama wakati wa mvua na miti haioti. Na kuna vilima vya shaba. Udongo wenye shaba nyingi unakataa miti, unabaki na majani na maua yake maalumu, yale ya Haumaniastrum katangense ambayo watafuta madini waliyatumia kama alama. Mahali kama hapo kipozamataza aliweza kuishi kabla ya mfuko wa kwanza wa makala. Makala yamempa nafasi zaidi, hayakumleta.

#19 Papa_wa_Kambi
Vilima vya shaba navijua, nimevichimba. Sikumsikia pale.

#20 Mwalimu_wa_Bio
Papa, pale mashine zilikuwa zinalia 🙂

#21 Papa_wa_Kambi
Jumapili hazikulia.

#22 Goma_Lava
Mwalimu, kaa chini.

#23 Mchungaji_mbuzi
Mie natoka Kasenga. Makala sijui, ninachojua ni moto. Mwezi wa nane majani yanapochomwa, nchi inabaki nyeusi, na hawa ndege wanakuwa kimya kabisa. Wapo, nawakanyagia karibu na mbuzi, lakini kimya. Mvua ikinyesha, majani mapya yakianza kutoka, ndiyo kelele inaanza. Kwa hiyo kama mtu amekuja mwezi wa nane akasema hayupo, na mwingine amekuja mwezi wa kumi na moja akasema amejaa, wote wamesema kweli.

Na bado mnamsahau barabarani. Saa za jua kali anakaa kwenye njia ya vumbi, anachimba kashimo kadogo, anajitikisa humo. Maji haogi, anaoga vumbi. Mbuzi wakifika anasogea hatua tatu tu.

#24 Kaka_Tanga
Bado niko foleni. Bado refu kwanza, mafupi nyuma. Nimehesabu tangu jana, hajabadilisha hata mara moja. Na kuna wa pili upande wa kulia, anapiga vilevile kama jirani yake. Mwana_Kafubu, una uhakika na mpangilio wako? Isije ikawa ni kinga yako inapiga.

#25 Mwana_Kafubu
Niko na uhakika. Leo nilisimama dakika makumi mbili. Fupi, fupi, refu. Na mimi pia niko na babili, mmoja kila upande wa njia. Banapiga sawasawa.

#26 Mwalimu_wa_Bio
Hapa sasa ndipo utamu ulipo. Mnachokisema kimeandikwa. Uta Seibt wa Ujerumani alichapisha makala mwaka 1975 kuhusu ndege huyu huyu na akaita jambo hilo lahaja za ala, yaani lahaja zisizo za koo. Robert Payne, Mmarekani, naye aliandika miaka hiyo hiyo ya 1970 juu ya lahaja za mabawa yake. Madume wa eneo moja wanapiga mpangilio mmoja, ukisogea mbele unakuta mpangilio mwingine. Kama sisi: Lubumbashi mtu anasema "njo vile", Kaka_Tanga anasema "ndivyo hivyo", na kila mmoja anaona mwenzake anapotosha.

#27 Kaka_Tanga
Ndivyo hivyo.

#28 Fundi_Katuba
Njo vile.

#29 Goma_Lava
Na wa upande wa Zambia anapiga Kibemba?

#30 Mama_Inswa
Kibemba kiko huku pia, mwanangu wa Goma. Mpaka uliwekwa na watu, ndege hawakuulizwa.

#31 Kijana_Likasi
Sawa, lakini lahaja anajifunza wapi? Mtoto wa ndege anayeimba kwa koo anasikiliza baba anaiga. Huyu akiwa kiotani baba yuko juu mbinguni. Mimi nasema anazaliwa nayo. Ukoo mmoja, mpangilio mmoja.

#32 Mchungaji_mbuzi
Hapana. Anaiga jirani. Kijana akihamia mtaa mpya anapiga kama wenye mtaa, asipofanya hivyo wanamfukuza. Nimeona wakifukuzana sana mwezi wa kumi na moja, wawili juu kwa juu, mmoja anapiga, mwingine anajibu.

#33 Kijana_Likasi
Kufukuzana si ushahidi wa kuiga. Hata madereva wa taksi wanafukuzana.

#34 Papa_wa_Kambi
Mimi nina wazo lingine, mjukuu ananicheka lakini ataandika. Mahali penye upepo mwingi, ndege hawezi kupiga refu mwanzoni, upepo unamsukuma kabla hajatulia. Anaanza na mafupi apate mizani. Kipushi kuna upepo. Huko Kasumbalesa maegesho yamezungukwa na malori, upepo umekatwa.

#35 Kaka_Tanga
Papa, malori haya yakikata upepo basi ni mradi wa taifa. Lakini nawaheshimu.

#36 Fundi_Katuba
Tumeacha swali la kwanza. Kwa nini asiimbe tu? Mungu amempa koo kama wengine. Kuna haja gani ya kuchoka hivyo?

#37 Mama_Inswa
Mimi naona ni akili. Anayeimba kwa mdomo anakaa mahali, mtoto mwenye manati anamfuata kwa sauti. Huyu sauti yake iko juu na kiota kiko chini. Adui akiangalia juu, mke yuko salama.

#38 Mwalimu_wa_Bio
Norberg aliona tofauti. Kwake ni maonyesho ya nguvu. Kuongeza mapigo mara mbili ni gharama kubwa kwa misuli, na dume dhaifu hawezi kudanganya. Jike chini anasikiliza nani anaweza na nani anajikongoja.

#39 Goma_Lava
Kwa hiyo ni kama vijana wanaovuta pikipiki kwa tairi moja mbele ya masomo (shule) ya wasichana.

#40 Mwalimu_wa_Bio
Sikutaka kuandika hivyo darasani, lakini ndiyo.

#41 Mchungaji_mbuzi
Jike gani anasikiliza? Mie nikiwaona majike wanakula tu panzi. Hata kichwa hawainui.

#42 Mama_Inswa
Anasikiliza huku anakula. Hamjaoa nini?

#43 Goma_Lava
Swali la mwisho kutoka Kivu, musinipige: analiwa? Na bukari (ugali) anakwenda?

#44 Mama_Inswa
Gramu 25, umesoma #10? Utabaki na mifupa ya kuchokolea meno. Subiri inswa (kumbikumbi), hao wana mafuta. Wiki hii karibu na nyumbani walitoka usiku wote, tuliweka taa na beseni la maji.

#45 Fundi_Katuba
Mama, kilo bei gani sasa?

#46 Mama_Inswa
Kwako, uliyesema waya, bei ya juu.

#47 Kijana_Likasi
Jamani turudi. Mimi bado sijajibiwa #14. Makofi ao manyoya yanayotetema? Kama ni makofi, mabawa yanakutana juu ya mgongo ao chini ya tumbo? Mtu mwenye simu ya kupiga picha za mwendo wa polepole atuletee, tumalize.

#48 Mwalimu_wa_Bio
Simu kwa ndege wa ukubwa huo, juu vile, itakupa nukta nyeusi. Anza na sauti. Mwana_Kafubu, rekodi, tuhesabu wote.

#49 Mwana_Kafubu
Posho (Jumamosi) nitaenda na bibi yangu, yeye njo aliniambia ni masikio.

#50 Papa_wa_Kambi
Nenda mapema, kabla ya saa mbili. Na acha kinga mbali.

#51 Mwana_Kafubu
Jambo. Tumerudi. Nimeweka sauti hapa chini, dakika tatu. Mwanzoni ni pikipiki inapita, musikilize kuanzia dakika ya pili. Mambo mawili.

Moja, nilimwona! Nilifanya kama Papa alivyosema, macho mbele ya sauti. Kanukta. Kalitetemeka, kakanyamaza, kakatereza kidogo, kakatetemeka tena. Mwisho kalianguka kabisa, nilifikiri kamekufa. Kakatua karibu na kisiki. Tulipofika, hakuna kitu. Papa, aksanti sana.

Mbili, sauti ya mwanamke munayoisikia mwishoni ikisema "eeh, kweli iko", ni bibi yangu. Tafadhali muhifadhi.

#52 Kijana_Likasi
Nimesikia. Fupi, fupi, refu. Ila kwenye dakika ya 2 na sekunde 40 ni mafupi matatu.

#53 Mwalimu_wa_Bio
Mawili. La tatu ni mwangwi wa kichuguu.

#54 Mchungaji_mbuzi
Kichuguu hakina mwangwi, mwalimu. Ni matatu. Pengine ni jirani ameingilia.

#55 Papa_wa_Kambi
Mjukuu amenisikilizisha mara nne. Upepo unasikika pale. Mimi sisemi zaidi.

#56 Kaka_Tanga
Wakuu, nimevuka. Nimeegesha Chililabombwe, upande wa Zambia, kunywa chai. Nimezima injini tu, huyo juu: fupi, fupi, fupi, refu. Matatu! Kama ile ya dakika ya 2 na sekunde 40. Mwana_Kafubu, rudi ukahesabu tena.

#57 Fundi_Katuba
Asirudi yeye. Ampe bibi yake simu, yule ana masikio.